Dakta Krapf na Neema Aliyoipata Ukambani

Neema ni neno letu. Asili yake ni Kiarabu, kama ilivyo asili ya imani na amani, na sisi watu wa pwani tulikuwa tukilitumia kabla Dakta Krapf hajakanyaga Mombasa. Tukisema mwaka huu ni wa neema tunakusudia kwamba mvua imenyesha, samaki wamepatikana, biashara imekwenda vyema na nyumba zimejaa watoto. Lakini mtu akitoka Mombasa kwenda bara, akapita Voi na Mtito Andei, akaingia Makueni au akavuka mto Athi mpaka Kitui, atalisikia neno hilo hilo katika ibada za Kiswahili za makanisa ya huko likiwa na maana nyingine kidogo. Kwa Wakristo neema ni kipawa cha Mungu apewacho mja asiyestahili, bila ya malipo, nacho chaweza kumfikia siku ile ile anapokosa mvua, samaki na watoto.

Sisi tuna dini yetu, na katika makala haya simwiti mtu aiache. Lakini tunaishi na majirani, na ni vizuri kujua jirani anakusudia nini anapotamka neno tulilompa sisi wenyewe. Njia nyepesi ya kulifahamu jambo hilo ni kuyatazama maisha ya mtu aliyelibeba katika mwili wake. Mtu huyo ni Johann Ludwig Krapf, ambaye jina lake halikosekani katika vitabu vya historia ya Kenya. Wengi wetu twamjua kwa kamusi yake na kwa habari ya mlima wenye theluji. Ni wachache wajuao yaliyompata Ukambani, na kwa maoni yangu huko ndiko alikopimwa.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, nchi ya Württemberg iliyo kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Kipigo kile kilimlaza kitandani muda wa miezi sita, na katika kulala huko ndipo alipoanza kuisoma Biblia na kuifikiria akhera. Hebu tazama jinsi mambo ya Mungu yalivyo: mtoto anadhulumiwa, na dhuluma ile inageuka kuwa mlango wake wa dini.

Watu wa sehemu zile walikuwa na madhehebu ya namna yao. Walikuwa wafuasi wa Luther, lakini hawakuridhika na dini ya kwenda kanisani na kurudi. Walitaka mtu aione rehema ya Mungu moyoni mwake. Walifundishwa kwamba mwanadamu hawezi kuununua msamaha wa Mungu kwa sala nyingi wala kwa sadaka. Anapewa bure kwa ajili ya Yesu Kristo, naye kazi yake ni kuupokea kwa imani, na tunda la kuupokea ni amani. Hapo ndipo sisi na wao tunapoachana njia, maana Muislamu hahitaji mtu wa kusimama kati yake na Mola wake. Hata hivyo Muislamu naye anajua kwamba hakuna aingiaye peponi kwa hesabu ya amali zake peke yake, isipokuwa Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema yake. Na kama salamu yetu sisi inavyotaja amani, rehema na baraka, ndivyo Mtume wao Paulo alivyozoea kuzifungua barua zake, kwa kuwatakia watu neema na amani.

Mwaka wa 1827 kijana Krapf aliingia katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Baadaye akakiacha, kwa kuwa hakuwa na hakika kama kazi ile ilikuwa yake, akaenda kusoma elimu ya dini Tübingen. Rafiki mmoja alimrudisha katika nia yake ya kwanza, na chama cha wamisionari wa Kiingereza kilichoitwa CMS kikampeleka Uhabeshi mwaka wa 1837. Huko nako hakudumu. Alifukuzwa Adwa mwaka wa 1838, akaenda Shoa na kukaa karibu miaka mitatu chini ya mfalme Sahle Selassie. Alipotoka mwaka wa 1842 kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, alinyang'anywa mali njiani, na alipotaka kurudi Shoa akakuta njia imefungwa. Katika kuhangaika huko, jangwani karibu na Massawa, mkewe alizaa mtoto kabla ya siku zake. Mtoto hakuishi. Walimpa jina la Eneba, maana yake chozi.

Basi ndipo alipofikiri kuja upande wetu. Mwezi wa Januari 1844 alifika Unguja, akapokewa na Seyyid Said bin Sultan. Bwana yule, aliyekuwa Muislamu na mfalme wa Waislamu, alimwandikia barua kwa maliwali wake wa pwani akiwataka wamfanyie wema mgeni huyu, kwa kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaelekeza watu kwa Mungu. Mwezi wa Mei Krapf na mkewe walikaa Mombasa.

Hawakukaa hata miezi mitatu kabla homa haijawaangusha wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa Julai. Tarehe 13 Julai 1844 alifariki, na siku mbili baadaye mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hata alipata taabu kuinuka amtazame mkewe. Kwa kuwa marehemu alitaka azikwe bara, ambako Wamijikenda wapitao wangeliona kaburi lake, walivukishwa maji wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Kaburi lile lipo hata leo.

Msomaji atauliza, iko wapi neema hapo? Kwa hesabu yetu ya kawaida, huyu ni mtu aliyenyimwa. Watoto wawili wamekufa, mke amekufa, nchi ya kwanza imemkataa, na katika nchi ya pili hana mfuasi hata mmoja. Naye hakuwa jiwe. Alilia na kuugua kama kila mtu. Lakini alipopata nguvu ya kuketi aliwaandikia wakubwa wake wa London kwamba kaburi lile liwe kwao dalili kuwa kazi imeanza, na kwamba saa ya Afrika ya Mashariki imekaribia. Mtu aweza kulichukia neno lile, kwa kuwa tunajua wageni waliokuja baada yake walikuja na nini. Lakini hawezi kusema kwamba lilitoka kwa mtu aliyekata tamaa.

Huko Mombasa rafiki yake mkubwa katika kazi alikuwa Kadhi wetu, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mwezi wa Juni 1844, kabla ya misiba ile, walianza pamoja kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kadhi wa Kiislamu na padri wa Kilutheri waliketi wakitafuta maneno ya kuelezea jinsi Mungu alivyoziumba mbingu na ardhi. Kadhi hakuiacha dini yake kwa kumsaidia mgeni, wala mgeni hakuiacha yake. Nasikitika kusema kwamba Krapf, pamoja na wema ule aliofanyiwa, aliandika juu ya Uislamu maneno makali yasiyo na haki. Neema aliyoamini kuwa ameipata haikumfungua macho kwa upande huo. Hilo lazima lisemwe wazi.

Mwaka wa 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na tarehe 25 Agosti mwaka ule walipanda kilima cha Rabai kwenda kuanza kituo chao. Wote wawili walikuwa na homa, wakisaidiwa na punda mmoja. Miaka ikapita. Wazee wa Rabai waliwapokea kwa heshima, wakasikiliza, kisha wakarudi katika mambo yao. Katika watu wachache waliokubali mafundisho yao alikuwamo kilema mmoja maskini jina lake Mringe, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Mfanyabiashara angalifunga duka.

Krapf hakufunga. Siku zile Wakamba walikuwa ndio mabwana wa njia ya bara. Walishuka pwani kwa misafara mikubwa ya pembe za ndovu, na baadhi yao walikuwa wamefanya makao karibu na Rabai kwa sababu ya njaa ya kwao. Krapf alijifunza lugha yao, akaifasiri Injili ya Marko kwa Kikamba, ikapigwa chapa Tübingen mwaka wa 1850. Aliota kuweka vituo vya wamisionari mfululizo kutoka pwani yetu mpaka pwani ya magharibi ya Afrika, na kituo cha kwanza baada ya Rabai kiwe Ukambani.

Tarehe 1 Novemba 1849 aliondoka Rabai, akapita nchi ya Taita, akaingia Kikumbulyu, ndiyo sehemu ya Kibwezi katika Makueni ya leo. Kutoka huko aliendelea mpaka Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, mtu aliyejulikana pwani na bara. Kivoi alimpokea vyema, akamweleza habari za mlima mkubwa ulioko kaskazini. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka, Krapf aliuona mlima ule wenye vilele viwili vyeupe. Jina lake alilichukua katika vinywa vya Wakamba, na jina hilo ndilo leo linaloitwa nchi yetu nzima. Wataalamu wengine wa Ulaya waliokuwa wamekaa vitini walizicheka habari za theluji katika nchi ya jua kali. Joseph Thomson alipoupita mlima huo na kuthibitisha mwaka wa 1883, Krapf alikuwa amekwisha kuzikwa.

Safari ya pili ndiyo iliyokuwa mtihani. Aliondoka Rabai tarehe 11 Julai 1851 akiwa na nia ya kufanya makao Yata, katika uwanda ulioinuka ng'ambo ya mto Athi. Njiani msafara ulishambuliwa na wanyang'anyi. Alipofika Yata alijengewa kibanda kidogo kisichofaa, watumishi hawakutaka kubaki naye, na watu walimjaa mchana kutwa wakimtazama asipate hata nafasi ya kusali peke yake. Akaona afadhali aende kwa Kivoi.

Kivoi alikuwa na safari ya kwenda mto Tana kuchukua pembe zake, na Krapf akafuatana naye. Mwishoni mwa Agosti, walipokuwa wamekaribia mto, adui waliwatokea. Wakamba wengi walitawanyika. Krapf alipiga bunduki yake hewani, kwa kuwa hakutaka kumwaga damu ya mtu. Kivoi aliuawa hapo pamoja na wale waliokuwa karibu naye, na Krapf akajikuta peke yake katika nyika asiyoijua, hana chakula, hana maji wala mwenzi.

Kiu ilimpeleka mtoni. Alikunywa mpaka akatosheka, lakini hakuwa na chombo cha kuchukulia maji. Akayajaza katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Akarudi kwa miguu kuelekea kusini, akitembea usiku na kujificha mchana. Maji yakamwishia. Katika mkondo mmoja mkavu alikuta mahali ambapo nyani walikuwa wamechimba mchanga, na ndani yake mna maji. Alikunywa, akamshukuru Mungu kama vile aliyekunywa katika jumba la mfalme. Njaa ilipomzidi alitafuna majani na mizizi, hata baruti ya bunduki yake.

Katika kitabu cha safari zake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka wa 1858, ameyasimulia mambo hayo bila majivuno. Hadai kwamba alisikia sauti kutoka mbinguni. Anasimulia woga wake, makosa ya njia, na jinsi alivyosali kila alipoweza. Kwa kumsoma naona kwamba amani aliyoipata nyikani ilikuwa kitu kidogo na cha imara: kujua kwamba mwenye kumiliki maisha yake yuko, naye hajamsahau, awe atafika Rabai au atakufa pale chini ya mti. Sisi jambo hilo tunaliita kutawakali. Yeye aliliita kuishi kwa neema.

Alipofika katika mji wa Kivoi mambo yalizidi kuwa mabaya. Jamaa za marehemu walimkasirikia. Walitaka kujua kwa nini yeye yu hai na bwana wao amekufa. Walimdhania kuwa mganga mkubwa, mtu mwenye kitabu na ujuzi. Kama Mungu wake ana nguvu, kwa nini hakumkinga Kivoi? Wengine walisema afe. Akawekwa kama mfungwa, naye akatoroka usiku, akatangatanga tena porini kabla hajapata msaada wa kufika Yata na kurudi Rabai.

Nataka tutue hapa kidogo, kwa kuwa swali la Wakamba wale si la kuchekwa. Walikuwa na msiba, na kwao rafiki wa Mungu ni mtu anayeleta kinga na mvua. Wangapi katika sisi, Waislamu kwa Wakristo, hatufikiri hivyo hivyo? Mtu akipata mali tunasema Mungu anampenda. Akifilisika tunanong'ona kwamba kuna jambo. Tunamwendea Mola kama tunavyomwendea mwenye duka, na dua zetu ni kama fedha mkononi. Krapf hakuwa na jibu la kuwatuliza wale jamaa. Hakuweza kusema kwamba sala zake zingalimkinga Kivoi, wala kwamba yeye mwenyewe aliokoka kwa sababu ni bora kuliko aliyekufa. Kwa imani yake uhai wake ulikuwa zawadi asiyoistahili, na mtu aliyepewa zawadi hawezi kujigamba mbele ya aliyefiwa.

Lakini si haki kuisimulia habari hii kana kwamba Kivoi alikuwa daraja tu la kumvusha Mzungu. Alikuwa mwenyeji aliyemfungulia mgeni nyumba yake mara mbili, akamwonyesha mlima, akamchukua katika safari yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Safari ile mgeni ndiye aliyepona. Krapf alilijua hilo, na baada ya hapo Ukambani haukuwa tena na kituo chake.

Afya yake ilikwisha, na mwaka wa 1853 aliondoka Rabai. Hatimaye alikwenda kukaa Korntal, karibu na Stuttgart, katika mji mdogo wa watu wa madhehebu yake. Alirudi pwani mwaka wa 1862 kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe, na mwaka wa 1867 akaenda Uhabeshi kuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza. Mbali ya hayo alikaa na vitabu vyake. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka wa 1882, yeye akiwa amekwisha fariki. Katika kurasa zake yamehifadhiwa maneno ya wazee wa Mvita ambayo pengine yangalipotea. Na ndiye aliyezipeleka Ujerumani hati za tenzi zetu za kale, na mojawapo ni ule wa Herekali, ambao kila mtafiti wa ushairi wa Kiswahili anaujua.

Tarehe 26 Novemba 1881 usiku aliingia chumbani kulala kama kawaida. Asubuhi walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake katika hali ya kusali.

Baada yake wakaja wengine. Katika miaka ya 1890 Walutheri wa Kijerumani walijenga Ikutha na Mulango katika Kitui. Mwezi wa Desemba 1895 kijana mmoja jina lake Peter Cameron Scott alianza kituo Nzaui, katika Makueni, na baada ya mwaka mmoja homa ikamwua akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Leo watu wengi wa Kitui na Makueni ni Wakristo, ingawa Waislamu nao wapo. Krapf hakuyaona hayo. Alipofumba macho, hesabu ya Ukambani ilikuwa ni kitabu kimoja kidogo cha Kikamba, rafiki mmoja aliyeuawa, na kibanda kilichoachwa tupu.

Kwa hiyo ukimsikia jirani yako wa Ukambani, mwaka wa ukame, mahindi yamenyauka na ng'ombe wamebaki mifupa, akisema kwamba anaishi kwa neema ya Mungu, usidhani kwamba anafanya mzaha au kwamba hajui maana ya neno. Anasema yale aliyoyapata Krapf katika shimo la nyani: kwamba Mungu aweza kumpa mja wake utulivu kabla hajampa mvua. Tunatofautiana naye juu ya njia ambayo utulivu huo hupitia, na tutaendelea kutofautiana mpaka siku ya hukumu. Lakini juu ya anayeutoa, na juu ya haja yetu ya kuuomba, sidhani kwamba Sheikh Ali bin Muhyiddin na Dakta Krapf waligombana walipokuwa wameketi na kalamu zao Mombasa.